Mwaka wa Chachandu ya Mgiriki

Mwajuma alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele, akasema neno moja tu: "Mama." Sikumuuliza mama kafanya nini. Kwa umri wangu simu ya namna hiyo huielewa kabla haijamalizika. Niliweka ungo chini, nikatafuta khanga mbili, na kesho yake nikapanda basi la kwenda Kibiti, mji ambao sikuwa nimeukanyaga kwa miaka kumi na mitano. Nilikuta wameshazika. Mji umekuwa wa lami na taa, na pale palipokuwa na hoteli ya marehemu, Bi. Zuhura, pana duka la simu lenye spika inayoita watu kutwa nzima. Nilikaa jamvini na wanawake wa msiba, wengi wao walikuwa hawajazaliwa siku ninazotaka kuzieleza. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Yule mgeni nani?" Mwenzake, akidhani sisikii, akamjibu, "Yule? Ndiye mwalimu wa jibini." Nikainamisha kichwa. Miaka thelathini na ushei imepita, nimefundisha shule sita, nimestaafu kwa heshima, lakini Kibiti bado mimi ni mwalimu wa jibini, na siwezi kusema wamenionea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopangiwa kufundisha pale. Habari za kwetu bara na za chuo zina mahali pake. Hapa naanzia chumbani. Kilikuwa chumba cha uani, nyuma ya hoteli, cha udongo uliopigwa lipu ya saruji, chenye kitanda cha kamba na dirisha la kufunika kwa ubao. Ukuta wake haukufika darini. Kilichosemwa jikoni nilikisikia nimelala, na kikohozi changu kilisikika jikoni. Bi. Zuhura, mwenye nyumba, alikuwa mjane wa Kindengereko wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Zamani alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, akisimama siku nzima mbele ya rafu tupu kuwaambia watu hakuna sabuni, hakuna sukari, njooni wiki ijayo. Ruksa ya biashara ilipokuja, na vitu navyo vikaja, akaacha kaunta ile na kufungua hoteli ya mabati kando ya barabara ya kusini, pale mabasi yaliposimama kupumua kabla ya kuingia kwenye matope. Alipika wali wa nazi, kambale wa kuchoma, kisamvu, na kamba walioletwa kutoka Nyamisati. Binti yake Mwajuma, wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameposwa na kijana wa Mtunda. Mimi, Mkristo wa bara nisiyejua hata kukuna nazi, nilipakuliwa kwenye sinia moja na mwanawe. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Mwili wa mwalimu unatakiwa uonekane na dawati la nyuma." Aliniita mwanangu tangu wiki ya kwanza. Nililizoea neno lile upesi sana, kama mtu anavyozoea kivuli.

Masika yalipokatika wakaja watu wa barabara na magreda yao, na pamoja nao akaja fundi wao, Bwana Kosta. Alikuwa Mgiriki wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa shamba la mkonge karibu na Kilosa, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mashambani, hakina mapambo wala hakitafuti neno. Wenzake walilala kambini. Yeye, kwa ajili ya mgongo wake, akapanga chumba cha mbele kwa Bi. Zuhura. Alikula kila alichopewa, ila siku ya Ijumaa moja alirudi kutoka Dar es Salaam na debe dogo alilopewa na mpwa wake, na chupa ya mafuta ya zeituni kubwa kuliko zile za kuchulia watoto tulizozijua. Ndani ya debe mlikuwa na mabonge meupe ya jibini yaliyoelea kwenye maji ya chumvi. "Bi. Zuhura," akasema, "leo niachie jiko." Tulisimama mlangoni, mimi na Mwajuma, tukimwangalia mwanamume mzee akigeuza pilipili hoho nyekundu juu ya mkaa mpaka ngozi ikaungua na kupasuka. Alizifunika kwa sahani zipate jasho, akazimenya, akazitwanga na pilipili kali mbili na punje ya kitunguu saumu, kisha akavunjavunja jibini humo na kuiponda kwa uma, akidondosha mafuta kidogo kidogo na kukamulia ndimu mwishoni. Ikatoka kitu kama uji mzito, rangi ya waridi iliyofifia. Bi. Zuhura alichovya ncha ya muhogo wa kukaanga, akatafuna, akanyamaza. Alichovya tena. "Hii ni chachandu," akasema, kana kwamba anamtambua ndugu aliyepotea. "Chachandu ya kwenu."

Bwana Kosta akawa analeta debe jingine kila alipokwenda mjini, na kufikia mwezi wa saba abiria walikuwa wakiiita kwa jina kabla basi halijasimama: mihogo na chachandu ya Mgiriki. Bi. Zuhura aliongeza pilipili kuliko fundi wake, akaweka na kamba wa kuchoma pembeni, na madereva wakawa wanapita hoteli nyingine bila kupunguza mwendo. Mojawapo ya hizo ilikuwa banda la Bi. Tatu, jirani yetu, mpika vitumbua. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu kwa miaka kadhaa nilijaribu kumfanya awe mtu mbaya, ili yangu yapungue.

Ilikuwa Jumamosi, bombani, mimi na Bi. Tatu tukingoja maji. Akaniuliza, kwa udadisi wa mpishi tu, "Mwalimu, wewe unayefundisha mapishi. Hivi maziwa yanagandaje mpaka yakawa bonge kama sabuni?" Nilifurahi kuulizwa. Mtu mzima, mama wa watoto sita, ananiuliza mimi. Nikamweleza kuwa wenzetu wanatia maji yanayotoka kwenye tumbo la mnyama, ndiyo yanayogandisha. "Mnyama gani?" Kitabu changu cha sayansi kimu kilisema ndama anayenyonya. Nilikikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Lakini ndama lilikuwa jibu fupi, na mimi nilikuwa bado nataka kuendelea kujua mbele yake. "Inategemea nchi," nikasema. "Ndama, mbuzi. Huko Ulaya hata nguruwe." Bi. Tatu akatua ndoo aliyokuwa ameanza kuinua. "Nguruwe?" Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Maji yalikuwa yanatiririka polepole. "Hata nguruwe," nikarudia, nikajitwika ndoo yangu.

Nguruwe kila mtu Kibiti alimjua kwa sura ya mwizi, anayefukua mihogo na kulala kwenye mpunga wa watu. Kumjua chunguni ni jambo jingine. Wiki ya pili watu wa msikitini hawakuja kunywa chai. Wiki ya tatu wachukuzi walikula kwa Bi. Tatu wakiwa wamegeuzia hoteli yetu mgongo. Bi. Zuhura alibahatisha kuondoa chachandu mezani, ikawa haisaidii: walisema wenyewe kwa wenyewe kwamba sufuria zimeshanajisika, na mwiko, na mikono. Siku moja kondakta alishuka, akamwita Bi. Zuhura pembeni, akamwambia linalosemwa, na mimi niliyekuwa nakunywa uji nikaona uso wa mama ukijikunja kisha ukanyooka. Alirudi, akachukua bakuli langu. "Umeshiba, mwanangu?" Nikasema nimeshiba.

Bwana Kosta alitoa debe uani, akalishika mbele ya Bi. Zuhura na kumwonyesha maandishi. "Imeandikwa hapa. Maziwa ya kondoo, maziwa ya mbuzi, chumvi. Na kile cha kugandishia ni cha ndama. Soma." Maandishi yalikuwa ya kwao, hakuna aliyeweza kuyasoma isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye ndiye mshitakiwa. "Mimi nimewazika baba na mama katika nchi hii," akasema. Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Nimekula na Waislamu tangu sijaota meno. Nikulishe wewe nguruwe, Bi. Zuhura? Nani kasema? Niletee huyo aliyesema!" Nilikuwa nyuma ya mlango wangu, madaftari ya darasa la sita mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Nilimsikia Bi. Zuhura akijibu taratibu, "Aliyesema atakuja, Bwana Kosta." Nilidhani alikuwa anamtuliza tu. Wiki ile fundi akahamia kambini na mgongo wake, asije akamzidishia mama wa watu balaa.

Waliokuja kutoka Mtunda walikuja mchana wa Jumapili, baba mkubwa wa bwana harusi na shangazi yake. Waliwekwa jikoni kwa sababu mbele palikuwa na jua. Nilikuwa nimerudi kanisani, nimejilaza, na ukuta ule usiofika darini haukunifichia neno. Waliulizana hali, mvua, mpunga. Halafu shangazi akasema, "Bi. Zuhura, hatukusema tumevunja. Tumesema tungoje." Bi. Zuhura akauliza, "Mnangoja nini?" Baba mkubwa akakohoa. "Ngoja moshi ushuke, mama. Kijana wetu anasomesha watoto Kurani. Watu wataulizana ameoa nyumba gani." Nikasikia mlango wa chumba cha Mwajuma ukifungwa bila kishindo, jinsi mtu anavyofunga akitaka asisikike. Nililala pale nikitazama nyufa za ukuta. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia nitamwambia kesho, baada ya shule. Nilipotoka chumbani alikuwa amenifunikia chakula kwa kawa, kambale na wali, akasema, "Kula kabla hakijapoa." Nikala. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko mengine: nilikula, na kilikuwa kitamu.

Yalipita majuma matatu namna hiyo. Halafu alfajiri moja Bi. Zuhura akajifunga khanga, akaenda kwa Maalim wa msikiti, mzee mkavu aliyekuwa na mbuzi saba, akamwomba maziwa. Mbuzi wa pwani watu hawakuzoea kuwakamua. Maalim alicheka kwanza. Alipoelezwa akaacha kucheka. Bi. Zuhura alimtumia Bwana Kosta ujumbe, naye akaja bila kofia, akasema jibini ya ndimu si jibini kamili, lakini inapondeka. Mara ya kwanza walichemsha maziwa kupita kiasi, ikatoka chengachenga kama mchanga mnyevu. Mara ya pili ndimu ilizidi, ikawa kali mno. Mara ya tatu maziwa yalipoanza kupanda Bi. Zuhura akaepua, akakamulia ndimu kwa mzunguko, na mbele ya macho yetu yakakatika, mabonge juu, maji ya kijani chini. Akayamimina kwenye kitambaa cha marekani kipya, akafunga fundo, akaning'iniza kwenye boriti ya jikoni, na asubuhi akalitia bonge kwenye maji ya chumvi. Likakaa humo siku mbili. Mimi ndiye niliyeshika kitambaa wakati wa kumimina. Mvuke ulinipiga usoni, nikashukuru, maana macho yangu yalikuwa na sababu ya kuwa mekundu.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, akawaita watu hotelini. Walikuja Maalim na wazee wawili, majirani wanawake, Bi. Tatu, na yule shangazi wa Mtunda aliyetumiwa habari. Bwana Kosta alisimama nje kidogo ya paa. Kila kitu kilikuwa wazi mezani: bonge jeupe, pilipili kutoka kijiji cha Mahege, ndimu, chumvi, kinu kilichonunuliwa juzi. Bi. Zuhura hakutoa hotuba. Alichoma, akamenya, akatwanga, akaponda, huku hata watoto wakifuata mikono yake kwa macho. Alipomaliza, Bi. Tatu ndiye aliyefungua mdomo. "Hii tumeiona, dada. Hii haina neno. Lakini isije ikaonekana mie nilizua ile ya kwanza. Mie sikuzua. Niliambiwa na mtu anayekula humu humu." Hakunitazama. Nataka ijulikane kwamba hakunitazama. Alinipa nafasi ambayo mimi bombani sikuwa nimeipa nyumba iliyonilisha. Bi. Zuhura aliendelea kukamulia ndimu. Nilitazama vidole vyake, vilikuwa vinakamua ganda lililokwisha kitambo.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, Maalim akaweka mkono sikioni. "Nani?"

"Ni mimi niliyesema nguruwe, Maalim."

Akanigeukia bila ukali, na hilo likawa gumu zaidi. "Ulikiona kitu hicho kwa macho yako, mwalimu?"

"Sikukiona."

"Ulikisoma?"

"Nilisoma tumbo la ndama. Nguruwe niliongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu yenye sura nzuri nikaikosa. "Nilitaka nionekane najua." Nikasikia Bwana Kosta, kule nje, akitoa pumzi kwa nguvu, kisha nyayo zake zikienda mpaka barabarani. Mwajuma alikuwa ameshika nguzo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa ndani ya nyumba isiyo yake.

Maalim akageukia meza. "Ile ya debe mimi siitolei ushahidi," akasema, "maana hata ndama kuna swali la nani alimchinja. Hii ya leo maziwa yametoka kwa mbuzi wangu, na mikono nimeiona." Akavuta sahani, akasema Bismillahi, akachovya muhogo na kuutia kinywani. Tulimwona akitafuna. Kisha macho yakamtoka, akashika kifua, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka, na kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani hakuna aliyepumua. "Zuhura!" akasema alipopata sauti. "Ungetuua kwa nguruwe tungekufa polepole!" Mzee mwenzake akacheka, wanawake wakacheka, mikono ikaanza kuingia sahanini. Shangazi wa Mtunda alikula matonge matatu, akafunga la nne kwenye jani. Mimi niliondoka nikaenda kukusanya nguo zangu, kwa kuwa nilijua sina tena chumba.

Lakini hakuna aliyenifukuza. Asubuhi, chai yangu ilikuwa mahali pake. Bi. Zuhura alikuwa anachambua mchele, peke yake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga, na mengine sikuyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Tatu alikuja kuniambia siku ile ile kondakta aliponieleza. Alikuja analia."

Nikahesabu kichwani. Zaidi ya mwezi mzima. Sahani zote zile. "Mbona hukuniuliza, mama?"

"Ningekuuliza ungekubali. Mtoto wa watu ukimbana anakubali. Nilitaka uje mwenyewe." Akapeperusha pumba. "Nilikuwa nasikia unavyogeuka kitandani. Nikasema, leo atakuja. Kumbe leo siyo."

"Utanisamehe?"

"Kusamehe nilishasamehe siku nyingi. Kukuamini ndiyo bado." Akanyanyuka na ungo wake. "Kunywa chai, Mwalimu."

Mwalimu. Ndivyo alivyoniita tangu asubuhi ile. Harusi ikafungwa kabla ya mvua za vuli kukolea, nikapewa kazi ya kugawa soda kwa wageni wa kike, nikaifanya kwa bidii ya mtu anayelipa. Nilikwenda kambini kwa Bwana Kosta kumwomba radhi. Alikuwa chini ya greda, miguu tu ndiyo niliyoiona. "Nimesikia, binti," akasema bila kutoka. "Nipe ile spana kubwa." Nikampa. Hakuongeza neno, nami nikasimama mpaka nikaona haifai kuendelea kusimama. Masika yalipokaribia walihamisha mitambo, naye akaenda nayo. Chachandu ilibaki, ya maziwa ya mbuzi wa Maalim, na Maalim akawa anaisifia kama aliyeivumbua. Niliendelea kula kwenye nyumba ile, sinia ile ile, kwa adabu mpya. Nilijifunza kukuna nazi. Nilijifunza kusema sijui. Darasani watoto waliponiuliza nisilolijua niliandika swali ubaoni na kuwaambia tutatafuta, na walinicheka, na niliwaacha wacheke. Mama yule hakunionyesha ubaya hata siku moja, lakini alipoingia mtu jikoni na habari zake, alisubiri kwanza mlango wangu ufungwe, kisha akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono ambao hata ukuta ule haukunipa.

Barua ya uhamisho wa kwenda Mbwara ilikuja mwaka wa pili ulipokuwa unaisha. Siku ya kuondoka nilifunga godoro mapema. Bi. Zuhura aliniita jikoni, akafunga mlango wa mbele, na wa nyuma pia. Alikaa kwenye kibao, akanionyesha nikae mkekani. Kwa muda aliangalia mikono yake. "Nina neno," akasema. "Halijui Mwajuma. Halijui mtu yeyote hapa. Nimelibeba peke yangu miaka mingi, na nimechoka nalo." Akanieleza. Hakulia, hakupunguza wala hakupamba. Alieleza kama alivyopika, kila kitu mezani. Alipomaliza akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia, akanyanyuka akafungua milango. Basi lilipofika alinipandishia kikapu na kumwambia kondakta, "Mtunzeni huyu. Ni mwanangu."

Jioni ya siku ya khitma, watu walipopungua, Mwajuma alikuja kukaa karibu yangu. Ana wajukuu sasa, na magoti yanamsumbua. Tulikuwa tumeshazungumza mengi. "Mama, wiki ya mwisho," akasema, "aliniambia kuna jambo lake alikwambia wewe peke yako, siku ulipohama. Ni jambo gani, dada?"

Nikamuuliza, "Alisema nikueleze?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Hapana. Alisema tu kwamba unalijua."

"Basi ni hivyo. Ninalijua."

Alinikazia macho, nikaona hasira ikipita usoni mwake, halafu kitu kingine ambacho sikuweza kukipa jina. Alinishika mkono, tukakaa. Jambo lenyewe sikumwambia Mwajuma pale jamvini, wala marehemu mume wangu katika miaka yote ya ndoa yetu, na hapa pia siliandiki.